Macho mekundu ya bibi yanafundishwa kipindi gani?

Katika shule za sekondari za Shinyanga na Geita, mbung'o hufundishwa kwenye Biolojia. Pamba na ng'ombe wako kwenye Jiografia. Mwingereza aliyesimamia ufyekaji wa misitu, akitajwa, hutajwa kwenye Historia. Haki ya kuishi iko kwenye Uraia. Imani za kishirikina husubiri kipindi cha Kiswahili, darasa linapochambua dhamira za tamthiliya. Kila somo lina mwalimu wake, daftari lake na dakika zake arobaini. Kengele ikilia, daftari moja linafungwa na jingine linafunguliwa. Bibi kikongwe aliyeuawa kwa mapanga kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu hana kipindi.

Naanza na bibi huyo kwa makusudi. Kwa miongo kadhaa, vikongwe wa Usukumani, wengi wao wanawake na wengi wao wajane, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Suala hilo limezungumzwa bungeni, limehubiriwa makanisani na misikitini, limeandikwa katika ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mtoto wa kidato cha tatu wa Kishapu, Kahama au Nyang'hwale hahitaji kusoma ripoti ili alijue, amelisikia nyumbani. Anachokosa ni mahali pa kulifikiria. Akilipeleka kwa mwalimu wa Uraia ataambiwa kuua ni kosa la jinai, jambo ambalo hata wauaji wanalijua, ndiyo maana huja usiku. Akilipeleka kwa mwalimu wa Biolojia ataambiwa moshi hudhuru macho. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hata ukiyaweka pamoja hayatoshi.

Tulifuatilie basi jicho lenyewe, tuone linatupeleka wapi.

Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa sababu amepika miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, akiwashia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba. Maelezo hayo yametolewa mara nyingi na wanaopambana na mauaji haya, na kila aliyekulia vijijini Shinyanga anaujua moshi huo. Lakini kwa nini kinyesi badala ya kuni? Kwa sababu kuni hazikuwepo. Na kwa nini hazikuwepo, katika nchi ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa na miti? Hapo ndipo Jiografia inapolazimika kubisha hodi kwa Historia.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe karibu kote Afrika Mashariki. Malisho yaliyokosa ng'ombe wa kuyala na watu wa kuyachoma moto yaligeuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaongeza maafa. Waingereza walipoichukua Tanganyika walikuta mbung'o anasonga mbele na watu wanarudi nyuma. Mtaalamu wa wadudu Charles Swynnerton, ambaye kwanza alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, akaifanya Shinyanga kuwa uwanja wa majaribio yake kuanzia miaka ya 1920. Makao ya utafiti wa mbung'o yakawa Old Shinyanga. Watemi waliwaita watu wao, watu wakatoka na mashoka, misitu ikafyekwa eneo baada ya eneo. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini shoka halikusimama.

Kazi ilifanikiwa, na ni lazima mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka. Pamba hiyo ndiyo iliyowapa Wasukuma nguvu ya kuanzisha ushirika. Paul Bomani na wenzake waliunganisha wakulima hadi kuzaliwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, mojawapo ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa vya Waafrika wakati ule, na humo wakapikwa baadhi ya viongozi wa kupigania uhuru. Shoka lile lile lililomfukuza mbung'o likaleta fedha, shule na siasa. Pia lilichukua kivuli, mvua zikabeba rutuba ya udongo, na kina mama wakaanza kutembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni, mpaka siku moja hapakuwa tena pa kwenda. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga alisikitishwa na ukame alioukuta, na mkoa ule ukaanza kutajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuja kwanza na miche ya miti ya kigeni, na mafanikio yalikuwa madogo. Kilichofanya kazi kilikuwa tayari kichwani mwa wazee: ngitili, eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga wakati wa masika ili majani na miti vipumzike, kisha hulifungua kiangazi kikali. Mradi ulipoanza, takriban hekta 600 tu za ngitili zilikuwa zimebaki. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimehuishwa hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilirudi. Asali, dawa za miti shamba na ndege vilirudi pia.

Sasa mrejeshe mwanafunzi kwa bibi. Ameanza na jicho moja, amepita kwenye sotoka, ukoloni, wadudu, pamba, ushirika na uhuru, amefika kwenye msitu unaorudi. Tangu hapo hawezi tena kuyatazama macho mekundu kama alama iliyotoka kuzimu. Anaona ndani yake sera ya serikali ya kikoloni, bei ya pamba, mzigo wa kazi wa mwanamke. Na hata hapo mwalimu mzuri hatamwacha apumzike, kwa sababu moshi hauui mtu. Watu ndio wanaoua. Atamuuliza: nani alifaidika na kifo cha mjane? Shamba lilikwenda kwa nani? Mpiga ramli alilipwa na nani? Kwa nini Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo bado ipo, imeshindwa kumlinda? Na Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Kahama na majirani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wezi wa ng'ombe, limemlinda au limemhukumu? Mirathi, ramli, sheria na ulinzi wa kijiji havitoshi ndani ya somo moja. Vinatosha ndani ya maisha ya bibi mmoja.

Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu masomo ya sanaa katika ukanda huu: yakifundishwa kila moja kwa kona yake, hayamfikii mwanafunzi mahali anapoishi. Tuchukue jambo moja la mahali, zito, lenye maana kwa watoto waliopo darasani, na tuyaalike masomo yote yaje kulichunguza kwa pamoja.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1968 wawakilishi wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa kujadili namna ya kuwafundisha watoto wa nchi zilizotoka kupata uhuru kuhusu jamii zao, na wakapendekeza historia, jiografia na uraia vifundishwe kama maarifa ya jamii yaliyoungana. Hapa kwetu, shule za msingi zimekuwa na somo la Maarifa ya Jamii kwa nyakati tofauti. Likaunganishwa, likatenganishwa, likaunganishwa tena kwa sura nyingine. Mwalimu mkongwe anayesikia neno kuunganisha huguna, na ana haki. Ameona masomo yakibanwa kwenye kitabu kimoja, sura ya milima ikifuatwa na sura ya machifu, bila uzi wa kuzishona. Wakati wa Waziri Joseph Mungai, Fizikia na Kemia za sekondari ziliwahi kuunganishwa, na hatua hiyo ikaja kurudishwa nyuma. Mageuzi ya kubadili jalada la kitabu yamewachosha walimu.

Ninachokisema hakihitaji kitabu kipya wala somo jipya. Mwalimu wa Historia abaki mwanahistoria, na awe mkali zaidi katika kupima ushahidi. Wa Jiografia abaki na ramani yake. Kinachobadilika ni kwamba kwa wiki sita, mara moja au mbili kwa mwaka, wote wanne au watano wa idara ya sanaa wanakubaliana kuchimba shimo moja.

Na mashimo yapo mengi. Tazama jinsi ratiba inavyoikata Geita vipande. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, na ambao sasa unaondoka hatua kwa hatua, uchimbaji endelevu wa madini uko kwenye Jiografia ya Kidato cha Pili. Uchumi wa kikoloni, ambamo migodi ya wakoloni imo, uko kwenye Historia ya Kidato cha Tatu. Utamaduni na utandawazi viko kwenye Uraia wa Kidato cha Nne. Mtoto wa Nyarugusu anakutana na dhahabu mara tatu katika miaka mitatu, mikononi mwa watu watatu wasioulizana, na kila mara dhahabu hiyo inakuwa ya mahali pengine. Anaijua almasi ya Afrika Kusini ya mwaka 1867 na dhahabu ya Witwatersrand ya 1886. Muulize almasi ya Mwadui iligunduliwa lini, atakuomba muda.

Mwadui iko Kishapu. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliipata almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, lilipochongwa likabaki na karati 23.6, likawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Williamson alifariki mwaka 1958, mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya kikoloni, ukaja kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha, De Beers wakarudi katika miaka ya 1990, na mwaka 2009 Petra Diamonds ya Uingereza ikaingia. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya ukiukwaji wa haki za binadamu yaliyofunguliwa Uingereza na watu wa maeneo ya mgodi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi likapasuka na kufunika mashamba na nyumba. Jiwe moja, karibu karne nzima: ukoloni, utaifishaji, ubinafsishaji, mahakama za nje, mazingira. Mwalimu wa Kishapu anahitaji nini zaidi?

Kwenye dhahabu mambo ni mapana zaidi. Kabla ya mzungu yeyote, Warongo wa upande wa Buzinza walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Kwa hiyo ujuzi wa kutoa madini mwambani katika nchi hii haukuletwa na meli. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi mkubwa wa enzi ya Waingereza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukafungwa, na Geita ikarudi kuwa mji wa pamba na samaki. Mwaka 2000 ukafunguliwa Geita Gold Mine, leo chini ya AngloGold Ashanti. Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, Buzwagi 2009. Mkoa wenyewe wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu wapatao milioni 1.7, ya mwaka 2022 ikakuta karibu milioni 3. Hakuna kitabu cha Jiografia kitakachomfundisha mtoto wa Katoro maana ya ongezeko la watu kuliko barabara anayoipita kwenda shule.

Buzwagi, wilayani Kahama, ilifungwa mwaka 2021. Mgodi ulioanza wakati mwanafunzi wa leo wa kidato cha tano yuko tumboni au mgongoni mwa mama yake, tayari umekwisha, na eneo lake linatafutiwa kazi nyingine. Somo hilo la muda ni gumu kulipata kwingine. Geita ya 1966 na Kahama ya 2021 zikiwekwa kwenye meza moja, wanafunzi wataanza wenyewe kuuliza swali ambalo watu wazima tunaliogopa: dhahabu ikiisha, tutakuwa nani?

Fedha nazo ziingie darasani. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, kiwango cha mrabaha wa dhahabu kilipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Halmashauri zimekuwa zikipata ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Sheria inazitaka kampuni za migodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii kwa kushirikiana na halmashauri husika. Ukimpa mwanafunzi wa Kidato cha Pili asilimia hizo na karatasi, atakokotoa mwenyewe kinachobaki Geita kwa kila shilingi milioni moja ya dhahabu. Hapo ndipo Uraia unapoacha kuwa orodha ya mihimili mitatu ya dola. Mtoto anajua halmashauri yake ina kiasi gani cha kuulizwa.

Kisha kuna wachimbaji wadogo, ambao ndio baba na kaka za wengi wa watoto hawa. Wako Mgusu, Lwamgasa, Nyarugusu na Mwakitolyo. Jiwe hutoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupelekwa kwenye karasha kusagwa, unga wake huoshwa kwenye mwalo, mchanga mzito huchanganywa na zebaki, kisha huchomwa, mara nyingi karibu na jiko la chakula. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambao wavuvi wake walikula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mwalimu akisimulia Minamata kwenye darasa la Lwamgasa, hasimulii habari za Japani peke yake. Na kuta za duara zinashikiliwa na matimba, magogo yaliyokatwa msituni, kwa hiyo tumerudi tena kwenye shoka.

Darasa la ukanda huu lina kitu ambacho shule nyingi za mjini hazina: wanafunzi wenye ujuzi ambao mwalimu hana. Kuna mvulana aliyetoroka wiki mbili akabeba viroba vya mawe. Anajua bei ya gramu ya leo, anajua mgawanyo kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Kuna msichana ambaye mama yake anauza chakula machimboni, anajua nani hulipa na nani hukopa. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini mvuto wa duara haukuondoka. Mtoro akirudi, tunampiga viboko na kumpa daftari la kunakili. Ningependa siku moja arudi akute swali ambalo yeye ndiye mwenye jibu: chora njia ya gramu moja, kutoka shimoni hadi kwenye soko la madini la Geita lililozinduliwa Machi 2019, na uandike kila mkono unaobaki na sehemu yake. Nisieleweke kwamba natetea utoro, wala mwalimu asimpeleke mtoto yeyote shimoni. Mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Nasema tu kwamba ujuzi ule umeshapatikana kwa jasho, na shule inaufanya kuwa aibu.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kukwepwa. Kati ya mwaka 2007 na 2009 mauaji ya watu wenye ualbino yalishamiri Kanda ya Ziwa, na imani iliyotajwa mara kwa mara ni kwamba viungo vyao vingeleta bahati kwenye uchimbaji na uvuvi. Watoto walikusanywa Buhangija, Shinyanga mjini, ili wasome wakiwa hai. Leo baadhi ya wenzao wa rika lile ni walimu. Mwanafunzi anayekaa dawati moja na mwenzake mwenye ualbino anastahili kujua ni hofu gani ya kukosa, ni utajiri gani wa ghafla wa jirani, ni mganga gani mwenye bei gani, vilikutana mpaka mtu akaamini hivyo. Historia peke yake haiwezi, na wala dini peke yake haiwezi.

Sasa kazi yenyewe inafanyikaje? Nitatoa mfano wa kuni na macho, kwa sababu unaweza kufanyika katika kata yoyote. Wiki ya kwanza mwalimu wa Jiografia anawatoa wanafunzi nje, wanachora ramani ya miti iliyopo kati ya shule na nyumbani. Mwalimu wa Historia anawaandaa kwa mahojiano, na hapa adabu ndiyo mbinu ya utafiti. Mtoto haingii kwa bibi na swali la uchawi. Anaanza na "Shikamoo bibi," anajibiwa "Marahaba mjukuu wangu, karibu," anasaidia kuchambua mchicha, ndipo anauliza zamani walipikia nini, kuni walizitoa wapi, nani alipanda mti ule. Atajibiwa kwa Kisukuma au Kizinza, aandike alivyosikia. Darasani wanalinganisha: bibi mmoja anasema miti ilikatwa na wazungu, mwingine anasema tuliikata sisi ili tulime pamba. Hapo hakuna aliyedanganya, na kazi ya Historia imeanza kweli. Mwalimu wa Uraia analeta sheria ya mirathi. Mwalimu wa Kiswahili anasoma nao sehemu za Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeyaandika kwa Kikerewe na kuyafasiri mwenyewe maisha ya kanda hii kabla ya ukoloni, au riwaya ya Kezilahabi, Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, wakifika kwenye Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwisho kila kundi linaandika insha moja inayosahihishwa na walimu wote, kila mmoja kwa alama za somo lake.

Walimu wataniuliza kuhusu mitihani ya taifa ya NECTA, na swali ni la haki. Mtihani unakuja somo kwa somo, shule inapimwa kwa divisheni za wanafunzi wake, na mwalimu mmoja wa Historia anaweza kuwa na mikondo minne iliyojaa. Jibu langu ni kwamba kila hatua ya kazi hiyo imo tayari katika mihtasari: usomaji wa ramani, uchumi wa kikoloni, haki za binadamu, uandishi wa insha. Hakuna kipindi kinachoibwa. Mtoto aliyemhoji bibi yake kuhusu pamba hatahitaji kukariri sifa tano za uchumi wa kikoloni. Atazikumbuka kwa sura na majina. Kinachohitajika ni saa moja ya kikao cha idara kila wiki na mkuu wa shule anayekilinda.

Kizuizi kikubwa kuliko mtihani kimekuwa lugha. Bibi anasimulia kwa Kisukuma, mjukuu anaelewa na kufikiri kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kuandika Historia kwa Kiingereza. Njiani habari ya bibi inakufa. Ndiyo maana ninaliona somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili kama mlango mkubwa uliofunguliwa. Rais Magufuli aliagiza Desemba 2020 historia ya nchi iwe somo la lazima. Mtaala wa mwaka 2023 ukaliweka, na linafundishwa kwa Kiswahili. Jina lake lenyewe limeshaunganisha mambo mawili. Hatari ni kwamba litageuka orodha ya mashujaa na maadili ya kukariri, yale yale kutoka Kibondo hadi Kilwa. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi 65, na hilo limewapa vijana uchaguzi mpana. Lakini tahasusi ni mpangilio wa masomo juu ya karatasi. Kuyafanya yaongee ni kazi ya walimu wanaokutana.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya hatari: kuhamishwa kwa wachimbaji Bulyanhulu mwaka 1996, kwa mfano, pamoja na madai ya vifo ambayo serikali na kampuni ziliyakanusha. Kwangu hilo ndilo somo bora la ushahidi unaopingana ambalo Shinyanga inaweza kumpa mwanahistoria kijana. Afundishwe kuuliza nani alisema, lini, aliona au alisimuliwa, na ana maslahi gani. Mtoto asiyefundishwa hayo shuleni atafundishwa na simu yake.

Nimalizie na jambo ambalo lina haraka. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waligoma kulikubali baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo Waingereza walitaka kuwapachika. Walikusanyika kwa maelfu, wengi wakaenda hadi Mwanza kudai wasikilizwe, na serikali ya kikoloni ikatikisika, katika eneo ambalo chama cha TANU kilikuwa kimezuiwa kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Ni moja ya harakati kubwa za wakulima katika safari ya uhuru wa nchi hii, na sehemu kubwa ya wanafunzi wa Geita hawajawahi kuisikia. Aliyekuwa na miaka 18 siku zile sasa anakaribia 90. Mipango ya uwajibikaji kwa jamii ya migodi imejenga madarasa, mabweni na maabara, na shule ya sekondari ya wasichana ya Nyankumbu ni ushahidi mmojawapo. Katika mpango ujao, halmashauri ya Geita iombe pia vinasa sauti vichache kwa kila shule ya kata, nauli ya wanafunzi kwenda vijijini, na fedha za kuchapa walichokusanya. Orodha ya wazee ianze kuandikwa muhula huu, kwa sababu likizo ya Desemba ni mbali.